Louis Pasteur na Fuwele

Mwanachuo akiulizwa Louis Pasteur alikuwa nani, hutaja maziwa na chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka 1885. Ni nadra kutajwa kwamba umaarufu wake ulianza na myeyusho ulioachwa ukauke polepole, kazi iliyo jirani na ile tunayowapa watoto wanapotundika uzi katika shira ya sukari ili wapate fuwele.

Alizaliwa Dole, Ufaransa, mwaka 1822. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Katika mtihani wa mwaka 1842 alama zake za kemia zilikuwa hafifu. Mwaka uliofuata aliingia École Normale, chuo cha kuwaandaa walimu mjini Paris.

Siku hizo palikuwa na fumbo. Asidi ya tartari, ipatikanayo katika mashapo ya divai, huigeuza nuru iliyochujwa ili itikisike upande mmoja tu. Asidi ya rasemi, iliyofanana nayo, haikuigeuza. Mwaka 1844 mkemia Mitscherlich wa Ujerumani alikuwa ametangaza kwamba hata fuwele za chumvi zao zilikuwa na umbo moja. Mwaka 1848 Pasteur, kijana wa miaka 25, alizitazama upya fuwele za chumvi ya asidi hiyo ya pili, mojamoja. Akaona nyuso ndogo zilizoelekea kulia katika baadhi, na kushoto katika nyingine, kama viganja viwili vya mtu. Akazitenga kwa mkono. Zilipoyeyushwa mbalimbali, kundi moja liliigeuza nuru kulia, la pili kushoto. Zilipochanganywa sawa kwa sawa, nuru haikugeuka.

Mzee Biot, ambaye zamani alikuwa amegundua kwamba hata maji ya sukari huigeuza nuru hiyo, hakukubali kwa kusikia. Alimtaka kijana arudie kazi yote kwa dawa alizompa yeye mwenyewe, kisha akapima kwa mkono wake. Wakaguzi wa namna hiyo ni adimu!

Hali ya hewa nayo ilimsaidia: chumvi hiyo hutoa fuwele za aina mbili chini ya nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Katika joto la mchana la pwani yetu angeambulia patupu.

Mwishoni mwa mwaka huo alifundisha fizikia katika shule ya sekondari mjini Dijon, na maandalio ya masomo yakamlia muda mwingi. Mwaka 1849 alihamia Strasbourg. Kutoka kwenye fuwele akafika kwenye uchachu, na baadaye vijidudu. Alifariki mwaka 1895.

Fuwele za sukari darasani ni za mkono mmoja tu, kwani muwa hautengenezi aina ya pili. Lakini nyuso zake huonekana vizuri kwa lenzi. Basi tumia vyombo vya jikoni, si vya maabara, funika kwa kitambaa kuzuia sisimizi, na kila mtoto achore fuwele yake kabla ya kuitia kinywani.