Yezebeli Malkia na Mjane wa Sarepta

Zamani sana, yapata miaka 2,900 iliyopita, palikuwa na mfalme wa Wasidoni jina lake Ethbaali. Nchi yake ilikuwa pwani ya bahari, mahali palipo Lebanoni siku hizi, na watu wake walikuwa mabaharia na wafanya biashara wenye mali nyingi. Mfalme huyo alikuwa na binti aitwaye Yezebeli, akamwoza kwa Ahabu, mfalme wa Israeli, aliyetawala miaka 22 katika mji wa Samaria.

Yezebeli hakuwa mjinga wala mwoga. Alikuwa na akili nyingi, alijua kuamuru na kutiiwa, na alilolikusudia hakuliacha mpaka limetimia. Nyumba ya mumewe ilipambwa kwa pembe za ndovu. Katika miaka ya 1930 wachimbaji wa magofu ya Samaria walikuta vipande vingi vya pembe zilizochongwa kwa ustadi. Mezani pa malkia walikula manabii 450 wa Baali na 400 wa Ashera. Lakini manabii wa Bwana aliwaua, hata Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, akawaficha watu 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji kwa siri. Hivyo vipawa vyote alivyopewa mwanamke huyu viligeuka mikononi mwake kuwa silaha.

Siku hizo mvua ilikatika, isinyeshe muda wa miaka mitatu na nusu. Watu wa Ugogo wanajua maana ya neno hili. Wazee wao walisimulia habari za Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo vita na ukosefu wa mvua viliwaachia ghala tupu na mazizi matupu. Katika njaa ya namna hiyo moyo wa mtu hufunuliwa: mmoja huficha konzi yake ya uwele, na mwingine huigawa.

Basi nabii Eliya alitumwa aende Sarepta, mji mdogo katika nchi ya Sidoni, yaani nchi ile ile alikozaliwa Yezebeli. Langoni pa mji akamkuta mjane akiokota kuni. Eliya alimwomba maji ya kunywa, na yule mwanamke alipokuwa akienda kuyaleta, akamwomba na kipande cha mkate. Mjane akamweleza hali yake bila kuficha. Alikuwa na konzi moja tu ya unga na mafuta kidogo chupani. Zile kuni zilikuwa za kupikia chakula cha mwisho, chake na cha mwanawe, kisha wangoje kufa.

Eliya akamwambia asiogope, amfanyie yeye kwanza mkate mdogo, kwa maana unga hautapunguka wala mafuta hayatakwisha mpaka mvua itakaponyesha. Neno hilo lilikuwa gumu. Mgeni alikuwa mtu wa kabila lingine, na mtoto wake mwenyewe alikuwa na njaa. Hata hivyo mjane alikwenda akapika, akampa. Nao wakala siku nyingi, yeye na mwanawe na mgeni wao, na ule unga haukwisha.

Wala haifai kudhani kwamba mjane huyu hakujua hofu. Baadaye mwanawe aliugua hata pumzi ikamtoka, naye kwa uchungu alimlaumu Eliya. Nabii akamchukua mtoto, akampandisha chumba cha juu, akajinyosha juu yake mara tatu, akamwomba Mungu, na uhai wa mtoto ukamrudia. Basi mwema si yule asiyelia, bali yule ambaye mkono wake haufungiki hata akiwa na machozi.

Mvua ilirudi, njaa ikaisha, lakini moyo wa Yezebeli haukubadilika. Katika mji wa Yezreeli palikuwa na mtu aitwaye Nabothi, mwenye shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme. Ahabu alilitaka liwe bustani ya mboga, akaahidi kumpa shamba lililo bora kuliko hilo, au fedha. Nabothi alikataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani, akageuza uso wake, akasusa chakula.

Malkia alipopata habari aliandika barua kwa jina la mumewe, akazitia muhuri wake, akawapelekea wazee wa mji. Aliwaagiza watangaze siku ya kufunga, wamketishe Nabothi mbele ya watu, kisha waweke watu wawili waovu wamshuhudie uongo kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Wazee walitii. Hata mmoja wao hakusimama kumtetea jirani yao. Nabothi akapigwa mawe hata akafa, na Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Eliya akamkuta pale pale, akawatabiria hukumu yeye na mkewe.

Ahabu alikufa vitani. Yezebeli aliishi miaka kadhaa baada yake, mpaka Yehu, jemadari wa jeshi, alipoingia Yezreeli. Malkia alipaka macho yake rangi, akapamba kichwa, akachungulia dirishani. Hakuomba huruma. Lakini watumishi wake mwenyewe, ambao maisha yao yote walimtii kwa hofu, walimtupa chini kwa neno moja la Yehu. Watu walipokwenda kumzika walikuta fuvu la kichwa, miguu na vitanga vya mikono tu, kwa maana mbwa walikuwa wamemla.

Wako wasemao kwamba ubaya wa Yezebeli ulikuwa kujipamba, au kuwa mgeni katika Israeli. Sivyo. Mjane wa Sarepta naye alikuwa Msidoni. Kupaka rangi macho hakukumwua Nabothi. Kilichomwua ni muhuri wa mfalme katika mkono usio na haki. Wanawake hawa wawili walitoka nchi moja, wakaishi siku zile zile. Mmoja alikuwa na ufalme mzima, akanyang'anya shamba la jirani. Mwingine alikuwa na konzi ya unga, akamgawia mgeni.

Jina la malkia linajulikana duniani kote, nalo limekuwa mithali ya uovu. Jina la mjane halikuandikwa popote. Lakini miaka mingi baadaye, Yesu alipofundisha katika sinagogi la Nazareti, hakumtaja yule malkia. Alimkumbuka mjane wa Sarepta, aliyempokea mgeni wakati wa njaa.