Kumtegemea Mungu Si Kukaa Bure: Maisha ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab

Wapo baadhi ya ndugu zetu ambao wakiambiwa walitengeneze jambo lao mapema hujibu ya kuwa kila kitu kimekwisha andikwa, na apendalo Mungu ndilo liwalo. Neno hilo ni la kweli, lakini hulitia mahali si pake. Mgonjwa hapelekwi kwa daktari mpaka maradhi yamzidi, deni haliandikwi, wasia hauachwi. Na mambo yakisha kuharibika, lawama zote hutupiwa kadari. Basi leo tumeona bora tuwasimulie wasomaji wetu habari za mtu ambaye hapana Mwislamu awezaye kuitilia shaka imani yake, naye ni Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi.

Sayyidna Umar alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Bani Adi. Alisilimu Makka yapata mwaka wa 616, baada ya kuwa adui mkali wa dini hii. Alipohamia Madina alikaa katika vitongoji vya juu, mbali kidogo na Msikiti wa Bwana Mtume (S.A.W.). Alikuwa na kazi ya kutafuta riziki, na papo hapo alikuwa na shauku asipitwe na lolote katika mafundisho ya Mtume. Hakuacha kazi akasema Mungu atamlisha, wala hakuiacha elimu kwa ajili ya kazi. Alipatana na jirani yake wa Kiansari wawe wakipokezana: siku moja hushuka yeye, na arudipo humweleza mwenziwe yote aliyoyasikia, siku ya pili hushuka mwenziwe. Hivyo wote wawili walipata chakula na walipata elimu.

Mwaka wa 13 wa Hijra (634) alishika Ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar, akatawala miaka kumi. Katika zama zake iliwekwa tarehe ya Hijra tuitumiayo mpaka leo, na yalifunguliwa madaftari ya kuandika majina ya watu na haki zao katika Hazina. Imepokewa pia ya kuwa aliwakuta watu wa Yemeni waliokaa bila ya kazi, wakijiita wenye kumtegemea Mungu. Aliwakosoa, akawafahamisha ya kuwa mwenye kumtegemea Mungu ni yule atiaye mbegu katika ardhi, kisha akamwachia Mola wake.

Mwaka wa 18 wa Hijra (639) ulikuwa mzito kuliko yote. Katika Hijazi mvua ilikatika, ardhi ikawa kama majivu, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Majivu. Mabedui walimiminika Madina kwa njaa. Sayyidna Umar alikesha usiku akisali na kulia, na aliwatoa watu kwenda kuomba mvua, akamtanguliza Sayyidna Abbas, ami yake Mtume, awaombee. Lakini hakungoja mvua mikono mitupu. Aliwaandikia maliwali wake wa nchi za mbali walete chakula, akasimamia mwenyewe kugawanywa kwake. Naye akajizuilia nyama na samli mpaka watu wote wapate, hata rangi yake ikageuka.

Katika siku hizo tauni ilizuka Shamu, katika mji wa Amwasi. Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda huko, na alipofika Sargh, mpakani mwa Hijazi na Shamu, majemadari wake walimpokea kwa habari hiyo. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakahitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawa na neno moja, kuwa watu warudishwe. Akatangaza kurudi.

Hapo ndipo Abu Ubaida bin Al-Jarrah, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Sayyidna Umar alijibu ya kuwa anaikimbia kadari ya Mungu na kukimbilia kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu. Popote alishapo ngamia wake, hulisha kwa kadari ya Mungu. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf, akawapa Hadithi ya Mtume ya kuwa tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na ikiwakuta ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Abu Ubaida alibaki na askari wake, na Sayyidna Umar akamwamrisha awahamishe watu kwenye ardhi ya juu yenye hewa safi. Hata hivyo Abu Ubaida alikufa kwa tauni ile, na Muadh bin Jabal pia. Yatupasa tulifahamu vizuri jambo hili. Mpango wa mwanadamu haumlazimishi Mungu. Kutenda ni wajibu wetu, na mwisho wa jambo ni wake Yeye.

Sayyidna Umar alikuwa akimwomba Mungu amruzuku shahada na mauti katika mji wa Mtume. Mwishoni mwa mwaka wa 23 (644) alichomwa jambia akiwa katika Sala ya Alfajiri, na ombi lake likakubaliwa. Juu ya hayo, katika siku zake za mwisho alimwamrisha mwanawe Abdullah ayahesabu madeni yake na akaeleza yatakavyolipwa. Aliwachagua watu sita wa kushauriana juu ya Khalifa wa baada yake, na akakataza mwanawe asichaguliwe. Alitaka idhini ya Bibi Aisha azikwe karibu na Mtume, kisha akafa.

Ndugu zetu, huyu ndiye aliyemtegemea Mungu. Alikesha akiomba, na kulipokucha alitoka kutenda. Basi tuziandike amana na madeni yetu, tuwatibu wagonjwa wetu mapema, tuwawekee watoto wetu elimu na wasia, kisha tunyanyue mikono yetu kwa Mola wetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.