Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Ndugu msomaji, ukipanda meli Mwanza ukavuka ziwa, utateremka Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe. Katika kisiwa hicho hicho kuna kijiji kiitwacho Kagunguli. Hapo aliishi Mzee Aniceti Kitereza. Yeye na mkewe hawakubaki na mtoto hata mmoja. Lakini aliandika kitabu kikubwa ili watoto wa wenzake wasipotee.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mama yake akaenda naye kuishi kwa Omukama Mukaka, mtawala wa Ukerewe, aliyekuwa wa ukoo wao. Fikiri hali ya yatima katika nyumba kubwa namna ile. Hutumwa na wengi, na hukanywa na kila mtu mzima. Mwaka 1905 alipelekwa shule ya mapadre wa Misheni ya Kagunguli. Hapo alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa. Kisha alivuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akasoma huko miaka kama kumi. Alijua hata Kilatini. Lakini hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura.

Walipata watoto, na watoto wale walikufa. Wewe unayeishi kijijini unajua maneno yanayosemwa juu ya nyumba kama hiyo. Ndugu wa mume hunong'ona kwamba mke hana kitu. Wengine humwambia mume wazi wazi atafute mwingine. Katika siku zile ilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kitereza alikuwa amefunga ndoa ya Kikristo. Hakumwacha Anna, wala hakuoa mke wa pili.

Siku hizo vijana wengi walikuwa wakiacha desturi za wazee. Kitereza aliona kwamba yaliyo mema pia yangesahauliwa. Basi akaandika, kwa lugha yake ya Kikerewe, hadithi ya mtu na mkewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alimaliza mwaka 1945.

Sikiliza hadithi hiyo inavyoanza. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Ndugu wanamshauri Myombekere aoe mwingine. Yeye anakataa. Anawafuata wakwe zake, anaomba radhi kwa heshima. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anaipata. Mkewe anarudi. Wanakwenda kwa mganga, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Jina la kwanza maana yake ni kukaa na kifo siku zote. La pili linauliza huzuni itakwisha lini. Wazazi waliozika watoto wanayaelewa majina hayo upesi.

Jiulize sasa, ndugu msomaji. Mtoto akimsikia shangazi anamtukana mama, na baba amenyamaza, anajifunza nini? Unaweza kumfundisha amri zote kumi, akazisema bila kukosea. Lakini lile la baba kunyamaza ndilo atakalolichukua kwenda nalo nyumbani kwake akioa. Ntulanalwo na Bulihwali walizaliwa katika nyumba ambamo baba alikuwa amekwisha kumtetea mama yao.

Mengine yamo tele katika kitabu hicho: jinsi ya kuamkiana, kumpokea mgeni, kumheshimu mkwe, kulima, kuchunga ng'ombe, kuvua samaki. Mtoto hakalishwi chini akahubiriwa. Anatumwa, anafuatana na mkubwa, anatazama, anajaribu. Wako Wakristo wanaosema kwamba kitabu chenye waganga na matambiko hakifai katika nyumba yao. Sisi tunaona wanakosea. Mzee Kitereza alikuwa Mkristo imara, na hakuona aibu kusema kwamba babu zake walijua kulea.

Kuandika kulikuwa kazi nyepesi kuliko kuchapisha. Padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, alikipenda kitabu akataka kukifasiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kazi kwisha. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na hakuna aliyekubali kukichapisha kwa lugha hiyo. Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Basi Mzee Kitereza, sasa mkongwe mwenye maumivu ya viungo, akakaa akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Na wasomaji wa Kiswahili walikuwa wanaongezeka. Mwaka 1971 Ukerewe ilikuwa moja ya sehemu chache zilizochaguliwa kuwa za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Akina mama na akina baba wa kisiwa kile walikwenda darasani na madaftari yao, kama wewe.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu kwa tarehe ya mwaka 1980. Kilipigwa chapa China, na safari ya meli ni ndefu. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala hazijafika. Hakukishika kitabu chake mkononi. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza. Aliyekifasiri ni Gabriel Ruhumbika, mtoto wa Ukerewe.