Röntgen, mzee aliyetuonyesha ndani ya kifua

Watu wa mine kwetu Kolwezi tunajua kupita ku radio: unavua shati, unabana kifua ku kibao, unashika pumzi. Lakini mwenye kuvumbua ule mwanga, wengi hatumjui.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa Lennep, Ujerumani, tarehe 27 mwezi wa 3, 1845, mtoto wa mwuza vitambaa. Akiwa kijana kule Uholanzi, alifukuzwa masomo juu ya mchoro wa kumcheka mwalimu. Mchoro ulikuwa wa mwenzake, lakini alikatala kumtaja. Bila diploma, alifanya mtihani akaingia shule kubwa ya Zurich, akasomea mambo ya mashini, kisha fizikia.

Mangaribi ya tarehe 8 mwezi wa 11, 1895, mjini Würzburg, alikuwa anapitisha umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Chumba giza, chupa imefunikwa karatasi nyeusi. Kumbe, kibao kilichopakwa dawa kikaanza kuwaka pembeni! Majuma mazima alijifungia ndani ya kazi. Tarehe 22 mwezi wa 12 alipiga picha ya mkono wa bibi yake: mifupa na pete vikatokea. Kwa kuwa hakujua ule mwanga ni kitu gani, aliuita X tu.

Mwaka 1901 alipata Nobel ya kwanza ya fizikia, na mafranga akaachia chuo cha Würzburg. Hakutaka haki ya kuuza uvumbuzi wake. Njo maana mafundi wa kila inchi waliweza kutengeneza mashini. Hata skana, iliyopiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, inatumia mwanga ule ule: unazunguka mwili, na ordinateri inaonyesha kifua kipande kwa kipande.

Mzee alikufa München mwaka 1923, kansa ya matumbo.

Ile herufi X itusaidie na sisi. Mapafu yamejaa hewa, mwanga unapita, picha inakuwa nyeusi. Kovu la vumbi la mawe, kifua kikuu na uvimbe vyote vinaweza kuacha doa jeupe, na mara nyingine vinafanana. Mchimbaji anajua: jiwe kuwa jeusi haitoshi kusema ni kobalti, wanatoa kipande, wanapima. Na doa la kifua ni vile vile. Munganga anapima makohozi, anatuma mgonjwa ku skana, na kama uvimbe unashukiwa, wanatoa kinyama kidogo cha kuangalia ku mikroskopi. Mbele ya pale, jina la ugonjwa bado halijajulikana.

Basi, ndugu, mwenye kikohozi cha kupita majuma mawili, mwenye kutema damu ao kukonda, asingojee. Na picha za zamani msitupe: munganga akizilinganisha na mpya, anaona kama doa limekaa vile vile ao limekomaa.