Barbara Hepworth: Mchongaji Aliyepitisha Mwanga Katika Jiwe

Katika miji kadhaa ya Uingereza kuna desturi ya watu wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, kuandamana usiku wakiwa wamebeba fanusi walizozitengeneza wenyewe kwa fito na karatasi. Mwalimu anayetaka kuongoza kazi kama hiyo shuleni hana budi kutafuta kwanza maumbo yatakayowafaa wanafunzi. Sisi twapendekeza maumbo ya mchongaji Barbara Hepworth. Sababu yake imo katika maisha yake.

Hepworth alizaliwa mwaka 1903 mjini Wakefield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi, na mara kwa mara alimchukua bintiye katika motokaa alipokwenda kukagua barabara. Njiani mtoto alitazama jinsi vilima na mabonde yalivyopandana. Alipokuwa na umri wa miaka saba, mwalimu mkuu wa shule yake alitoa somo juu ya sanamu za Misri ya kale, akionyesha picha ukutani kwa mwanga wa taa. Somo hilo moja lilimwachia hamu ya kuchonga ambayo haikumtoka maishani. Mwalimu yule hakumfundisha kushika patasi. Alimwonyesha tu kitu kizuri kwa wakati wake.

Mwaka 1920 aliingia chuo cha sanaa cha Leeds, na mwaka uliofuata akaenda London. Mwaka 1924 alisafiri hadi Italia, na huko Roma akajifunza kwa fundi namna ya kuchonga marumaru. Wakati ule wachongaji wengi walifinyanga mfano kwa udongo, kisha wakawaachia mafundi kazi ya kukata jiwe. Hepworth alipenda kulikata kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoboa tundu katikati ya jiwe, akagundua kwamba nafasi tupu nayo ni sehemu ya umbo, kwa kuwa ndipo mwanga unapopita.

Mwaka 1934 alijifungua mapacha watatu, naye tayari alikuwa na mtoto mmoja. Vita vilipokaribia mwaka 1939, familia ilihamia pwani ya Cornwall. Huko hakuwa na nafasi ya kuchonga. Mchana aliendesha shule ndogo ya watoto na kulima mboga, usiku alichora. Hakuiacha kazi yake, bali aliipunguza ikalingana na hali. Mwaka 1946 alikamilisha sanamu ya mti iitwayo Pelagos, iliyochimbwa mfano wa wimbi, ndani ikapakwa rangi ya samawati na kutandwa nyuzi.

Afrika nayo imo katika kazi zake. Mwaka 1954 alipata magogo makubwa kutoka Nigeria, akayachimba ndani hadi mwanga ukaingia. Na Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipofariki mwaka 1961 katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Hepworth alitengeneza sanamu ya kumkumbuka. Ni ya shaba nyeusi, ina kimo cha zaidi ya mita 6 na tundu moja la mviringo. Ilizinduliwa New York mwaka 1964.

Hepworth alifariki mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 72, moto ulipozuka katika karakana yake mjini St Ives.

Basi tuwafundisheje watoto? Kila mwanafunzi akunje ufito kuwa duara kubwa, na mwingine kuwa duara dogo la tundu. Ayaunganishe kwa vijiti na nyuzi, kisha abandike karatasi nyepesi, akiliacha tundu wazi. Ndani tutie tochi ndogo, kamwe si mshumaa, kwani karatasi na moto havikai pamoja. Mtoto akitaka kuliziba tundu, tumwulize mwanga utapita wapi, kisha tumwache aamue mwenyewe.

Fanusi nyingine zitapinda, na hilo lisitukere. Picha za ukutani kule Wakefield zilionwa na watoto wengi, wala mwalimu hakujua ni yupi zingemgusa. Nasi hatutajua, kwa hiyo yatupasa kumwonyesha kila mtoto.