Josephine Cochrane: mjane aliyeunda mashine ya kuosha vyombo

Leo tunakwenda Marekani, karne ya 19, kwa mama mmoja ambaye jina lake halisikiki sana kwetu, lakini kazi yake ipo katika hoteli kubwa karibu kila nchi. Anaitwa Josephine Cochrane. Ndiye aliyeunda mashine ya kwanza ya kuosha vyombo iliyofanya kazi vizuri kiasi cha kununuliwa na watu.

Alizaliwa tarehe 8 Machi 1839 katika jimbo la Ohio, akaitwa Josephine Garis. Baba yake, John Garis, alikuwa mhandisi. Upande wa mama, ukoo wao ulijihesabu kuwa wa John Fitch, mmoja wa watu wa kwanza Marekani kuunda boti inayokwenda kwa mvuke. Kwa hiyo habari za vyuma na mitambo alizisikia tangu utotoni, ingawa yeye mwenyewe hakusomea uhandisi. Siku zile msichana hakupelekwa chuo cha mitambo.

Mwaka 1858, akiwa na miaka 19, aliolewa na William Cochran, mfanyabiashara wa duka. Wakaishi Shelbyville, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Walipata watoto wawili, na mmoja, Hallie, alifariki akiwa na miaka miwili. Josephine aliongeza herufi moja mwishoni mwa jina la mumewe, ndiyo maana tunamwita Cochrane. Biashara ilikwenda vizuri, wakahamia nyumba kubwa, wakawa watu wa kukaribisha wageni.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Familia ilikuwa na sahani za kauri za urithi, za zamani sana, ambazo Josephine alizitoa wageni wanapokuja. Baada ya karamu, wafanyakazi wa nyumbani waliziosha, na baadhi zilimeguka kingo. Mama yeyote anayetunza vyombo vya wageni kabatini anajua uchungu huo. Josephine akaamua kuziosha mwenyewe. Baada ya muda akachoka. Akajiuliza kwa nini kazi hii haina mashine, wakati cherehani ilikuwa tayari inashona nguo majumbani.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 1850 Mmarekani mmoja, Joel Houghton, alikuwa ameandikisha mashine ya mbao ya kuzungushwa kwa mkono, iliyorusha maji juu ya vyombo. Ilirusha maji, lakini haikuosha vizuri. Wengine walifuata na mashine zao, nazo hazikupata soko. Tofauti ya Josephine ni kwamba alianza na vyombo vyenyewe. Alipima sahani, vikombe na visosa vyake, kisha akatengeneza vichanja vya waya, kila chombo na nafasi yake ya kukikalia.

Lakini kabla mashine haijakamilika, msiba ukabisha hodi. Mwaka 1883 William alifariki. Alimwachia mkewe madeni na pesa kidogo sana. Mama wa karamu sasa alikuwa mjane wa miaka 44 anayedaiwa. Kilichokuwa wazo la kuokoa sahani kikageuka kuwa njia ya kujiokoa mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda. Humo ndimo alimofanya kazi na fundi mitambo kijana aitwaye George Butters. Vichanja vile vya waya vilipangwa kwenye gurudumu lililolala ndani ya pipa kubwa la shaba. Gurudumu likizunguka, maji ya moto yenye sabuni yalisukumwa kwa nguvu kutoka chini na kumwagikia vyombo. Kisha yakaja maji safi ya moto ya kusuuza. Hakukuwa na brashi ya kusugua. Nguvu ya maji ndiyo iliyoosha, na waya ndio ulioshika sahani zisigongane. Hapo ndipo lilipopatiwa jibu tatizo la kingo zilizomeguka.

Tarehe 28 Desemba 1886 serikali ya Marekani ilimpa hataza namba 355,139. Hataza ni hati inayomlinda mgunduzi, ili mtu mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa.

Hati haiuzi mashine, msikilizaji. Josephine alitafuta watu wa kuweka mitaji, akakuta wanaume wengi hawataki kuweka pesa kwenye kampuni inayoongozwa na mwanamke. Wengine walitaka awaachie wao uongozi. Mafundi wa kiwandani nao walikuwa na njia zao, wakabadilisha michoro yake, na mara nyingi walirudi kwenye njia yake baada ya pesa kupotea. Alivumilia yote hayo kwa sababu hakuwa na nyumba nyingine ya kurudi.

Wateja wake wa kwanza walikuwa hoteli za Chicago. Alianza na Palmer House, kisha akaenda Sherman House. Baadaye alisimulia kwamba kuvuka ukumbi wa hoteli ile peke yake kulikuwa miongoni mwa mambo magumu kuliko yote aliyowahi kufanya, maana mwanamke wa heshima wa wakati ule hakuzoea kwenda mahali pa namna hiyo bila mume au baba. Alivuka, akazungumza na wahusika, akatoka na oda.

Mwaka 1893 Chicago iliandaa Maonyesho ya Dunia, ambako mataifa yalileta mitambo na bidhaa zao. Mashine tisa za Josephine zilikuwa kazini katika migahawa na mabanda ya maonyesho hayo, zikiosha vyombo vya umati wa watu waliokuja kila siku. Hakuna jaribio zuri kuliko hilo. Mashine kubwa za aina yake ziliweza kuosha na kukausha vyombo hadi 240 kwa dakika mbili. Majaji walimpa tuzo ya juu, wakitazama ubora wa muundo, uimara, na jinsi mashine ilivyofaa kwa kazi yake.

Tusimame kidogo kwenye vipimo hivyo, kwa sababu bado vinatumika. Leo ukiingia kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, utakuta mashine za kuosha vyombo za chapa nyingi: Bosch, Miele, KitchenAid na nyingine. Rangi na taa za mbele zinavutia, lakini mnunuzi mjuzi anauliza mambo matatu.

La kwanza ni ujazo. Wauzaji hupima kwa seti, na seti moja ni vyombo vya mtu mmoja mezani: sahani zake, bakuli, kikombe, bilauri, kijiko, uma na kisu. Mashine nyembamba ya sentimita 45 hubeba seti 9 au 10, na ile ya sentimita 60 hubeba 12 hadi 14 hivi. Lakini hesabu hiyo haihesabu sufuria kubwa ya wali.

La pili ni mpangilio wa vichanja. Mashine mbili zenye ujazo sawa zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa na kichanja cha juu kinachopanda na kushuka ili sufuria iingie, nyingine ikiwa haina. Hili ni swali la Josephine na vipimo vyake vya waya.

La tatu ni uimara. Tazama ndani: je, ni chuma cha pua au ni plastiki? Vuta kichanja kikiwa kimejaa uone kama kinayumba. Josephine alichagua shaba, akajenga mashine za kudumu katika majiko ya hoteli yasiyolala.

Sasa tuje kwenye upande mchungu wa maisha yake. Josephine alitaka mashine hii iingie majumbani, iwapunguzie akina mama kazi. Haikuingia. Bei ilikuwa kubwa kwa familia ya kawaida. Halafu kulikuwa na maji. Mashine ilihitaji maji ya moto mengi kwa wakati mmoja, na nyumba nyingi hazikuwa na uwezo wa kuyachemsha kwa kiasi hicho. Katika sehemu nyingine maji yalikuwa na chumvichumvi, sabuni haikutoa povu. Wewe unayechota kwenye kisima cha maji ya chumvi unalijua hilo bila kuelezwa.

Kwa hiyo mashine iliyozaliwa jikoni kwa mama mmoja ikawa mali ya hoteli na migahawa. Baadaye hospitali na vyuo vilijiunga, kwa sababu maji yake yalikuwa ya moto kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuvumilia, na kwa hiyo usafi wake ulikuwa wa juu. Biashara ilikua. Mwishoni mwa karne ile Josephine alikuwa na kiwanda chake, na aliyekisimamia alikuwa George Butters, yule yule fundi wa bandani. Kampuni ikaitwa Crescent Washing Machine Company.

Josephine Cochrane alifariki Chicago mwezi Agosti 1913, akiwa na miaka 74, akazikwa Shelbyville. Mwaka 1926 kampuni yake ilinunuliwa na kampuni ya Hobart. Mwaka 1949 Hobart ilitoa mashine ya nyumbani ya kuosha vyombo kwa jina la KitchenAid, chapa ambayo tangu 1986 iko chini ya Whirlpool. Ni katika miaka hiyo ya 1950, mabomba ya maji ya moto yalipoenea na sabuni zinazofaa kupatikana, ndipo akina mama wa kawaida wa Marekani walipoanza kuinunua. Josephine alikuwa kaburini kwa takriban miaka 40. Mwaka 2006 jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wagunduzi wa Marekani.

Wengi wetu vijijini tunaosha kwenye beseni na kuanika vyombo juani, juu ya kichanja cha miti nje ya nyumba. Siku umeme na bomba vitakapofika, wauzaji nao watafika, na mashine hizi na nyingine. Historia ya mama huyu inatuachia swali la nne la kuongeza kwenye yale matatu, nalo linafaa hata kwa pampu au mashine ya kusaga: je, maji, umeme na kipato tulichonacho vinaitosha mashine hii? Yeye mashine yake ilikuwa bora kuliko zote za wakati wake, ikapewa tuzo mbele ya dunia, na bado jirani yake wa Shelbyville aliendelea kuosha kwa mkono, kwa sababu birika lake la maji ya moto lilikuwa dogo.