Maisha ya John Wesley na Hati ya Wahubiri Mia

Hapa Mgololo, kama katika sharika nyingine, mchungaji anapohamishwa watu huuliza: ni nani aliyeamuru, na kwa shauri gani? Swali hilo ni la zamani. Basi twataka kuwasimulia habari za John Wesley, baba wa Wamethodisti, aliyelihangaikia hata uzee wake.

Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza, mwana wa kasisi. Alisoma Oxford, akawa kasisi naye, kisha akaenda Georgia katika Marekani, wala kazi yake huko haikufanikiwa. Aliporudi alifundishwa na Ndugu Wamoraviani, ambao wenzao walifika Rungwe mwaka 1891. Tarehe 24 Mei 1738, huko London, alisikia yakisomwa maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, moyo wake ukamtumaini Kristo peke yake. Kwa hiyo sisi Walutheri hatumhesabu kuwa mgeni.

Tangu mwaka 1739 alihubiri uwandani, maana makanisa mengi yalifungwa mbele yake. Waumini wakaongezeka, akachagua wahubiri, na tangu mwaka 1744 akawakutanisha kila mwaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga kila mmoja aende wapi, wala hakuwaacha wakae mahali pamoja siku nyingi. Mwaka 1763 likawekwa fungu la kuwasaidia wahubiri waliochoka kwa uzee.

Lakini Wesley alipozeeka, jambo likawa zito: akifa, ni nani atakayewapanga? Mwaka 1784 aliandikisha hati ya sheria, akataja majina ya wahubiri 100 kuwa ndio mkutano halali, wenye mamlaka ya kuwaweka wahubiri na kuwaondoa. Karibu nusu ya wahubiri hawakutajwa. Wakahuzunika, na wengine wakaacha kazi. Kwa kuwa tangu siku hiyo utumishi wao na riziki yao vilikuwa mikononi mwa wenzao.

Wesley aliiona hatari hiyo. Mwaka 1785 aliandika barua, isomwe baada ya kufa kwake, akiwasihi wale mia wasiitumie hati kujiinua juu ya ndugu zao. Akafariki tarehe 2 Machi 1791, mwenye miaka 87. Barua ikasomwa Manchester mwaka huohuo, na mkutano ukakubali kuwapa wahubiri wenzao haki sawa.

Hata hivyo, vizazi vilivyofuata viligombana. Mwaka 1849 mkutano uliwafukuza wahubiri watatu, baada ya maandiko ya siri ya kuwalaumu wakubwa kutawanywa, nao wakakataa kujibu kama walivyotakiwa. Maelfu ya waumini wakatoka. Katika mafarakano hayo lilitokea, mwaka 1857, kanisa la Wamethodisti Huru. Ndilo lililoanza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, likionyeshwa njia na Krapf.

Twajifunza nini? Barua njema huheshimiwa na waliompenda mwandishi; wajao baadaye huisahau. Kwa hiyo yafaa kanisa liandike katika sheria zake si mamlaka ya kuhamisha tu, bali pia haki ya mchungaji kusikilizwa kabla ya kuondolewa. Na wale waliopewa kalamu ya kuandika majina ya vituo wakumbuke ya kuwa kila jina lina nyumba, watoto, na kundi linalolia. Bwana awape hekima.